Tumbo la Fulu

Homa Bay, Jumanne, Machi 1964

Bwana, tajiri anayetuajiri kumfungia vyambo vya kuvulia, amekipa chambo changu jina la mbwa wake. Mbwa!

Wiki mbili zilizopita alichukua wembe akakata kazi yangu mbele ya wenzangu wote pale barazani. Chambo chetu cha manyoya kinaigiza fulu, samaki mdogo wa ziwani, na yeye anataka waya wa risasi uzungushwe kwenye ndoana mpaka mwili unenepe kama kidole. Mimi nililaza vipande viwili vya risasi chini tu, upande wa tumbo, nikavipunguza kwa kisu kuelekea mkiani, ndipo nikafunga uzi. Fulu ndivyo alivyo. Ukizungusha uzito mwili mzima, chambo kinapinduka tumbo juu kama samaki aliyekufa.

"Achieng', wewe funga tu. Kufikiri niachie mimi," akaniambia.

Leo amerudi kutoka kuvua kwenye mito ya mlimani, kapu limejaa samaki, anacheka peke yake. Akatuwekea mezani chambo kimoja, tukiige sisi sote. Risasi chini, mkia mwembamba. Kumbe kimoja hakukikata! Fundo langu nalijua.

"Nimekibuni mwenyewe," akasema.

Atieno, ninayeketi naye, akanikanyaga mguu ninyamaze. Nikachukua uzi. Nikifukuzwa hapa, nitakwenda...

Mama aliuza fulu sokoni Karungu miaka yote, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwapasua. Vidole vyangu vililijua tumbo lile kabla sijajua kusoma.

Kesho nifunge dazeni tatu za mbwa wa Bwana.