Harambee ya Boris

Kakuma, 3 Machi 2024

Mpendwa Mama Mdogo Élisabeth,

Habari za Lodwar? Baba Mdogo Lokwang na lori lake wazima? Sisi huku kambini tunasukuma siku, na Nestor wangu anakusalimu sana. Naandika kwa sababu simu yangu imekufa, na pia kwa sababu jambo hili nikilisema kwa mdomo nitalia.

Juzi umetimia mwaka tangu Boris wetu atutoke. Alikuja kabla ya wakati, mdogo hata kilemba changu kilimtosha kuwa blanketi. Alikuwa ameanza kunyonya. Kisha umeme ukakatika hospitalini, jenereta ikakataa kuwaka, mashine iliyokuwa ikimsaidia kupumua ikanyamaza. Mengine unayajua.

Sasa sisi wanakwaya tunafanya harambee kwa jina lake. Tunataka sola na betri za chumba cha watoto njiti, ili umeme ukienda, mashine zisizime. Nazunguka nyumba kwa nyumba, hata Kalobeyei nimefika.

Kuna lingine. Nina mimba ya miezi sita. Sikukuambia kwa kuogopa kulitamka. Nestor hataki nitembee. Miguu imevimba hata viatu vimenikataa, lakini nadhani ni jua tu.

Mwanao,
Inès


Lodwar, 10 Machi 2024

Mwanangu Inès,

Ejok, kama wanavyosalimiana nyumbani kwa mume wangu. Sisi wazima. Kondakta wa basi la Kakuma alinipa barua yako nikiwa jikoni, nikaisoma nimesimama, sufuria ya maharagwe ikaungua.

Harambee ni jambo jema, Boris anastahili. Lokwang ameshaongea na fundi mmoja hapa mjini mwenye betri nzuri, na atazileta mwenyewe kwa lori.

Lakini miguu hiyo si jua. Mama yako, dada yangu, alianza hivyo hivyo kule Uvira, akiwa na mimba ya nduguyo. Miguu kwanza, halafu kichwa. Tulimwambia apumzike, akasema akimaliza kuvuna. Hakumaliza. Ulikuwa mdogo, tukakuambia ni homa. Haikuwa homa, Inès. Ilikuwa presha ya mimba.

Nenda ukapimwe kesho. Hapa sikubembelezi.

Mama yako mdogo,
Élisabeth


Kakuma, 26 Machi 2024

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Nisamehe kuchelewa, ile habari ya mama ilinilaza kitandani siku nzima.

Nilikwenda. Muuguzi Achai, yuleyule aliyempokea Boris, alinipima mara mbili akakunja uso. Alinipa vidonge. Akasema, "Presha imepanda. Ulale. Ukiona vimulimuli machoni usingoje mtu, uje." Nikamwambia nitalala harambee ikipita.

Imepita Jumapili ya Matawi, na imejaa. Nyakuoth aliwaleta wanawake wa Sudan Kusini wakiimba tangu barabarani, akavuta mbuzi mwenyewe. Msomali wa duka la vitambaa alitoa majora mawili yapigwe mnada. Mama wa Kiturkana nisiyemjua alivua shanga za shingoni, akaziweka mezani, akaondoka. Tumepata pesa zinazotosha. Mwambie Baba Mdogo azichukue betri.

Ila Christelle, mzee wa kwaya yetu, alinivuta kando. "Binti," akasema, "unamwita aliyelala huku umembeba anayekuja. Utawachanganya njia." Nilitaka kucheka, sikuweza. Tulipoimba wimbo wa mwisho vimulimuli vikaja, vingi, nikashika meza mpaka vikapita. Nestor hakuona. Nikishapokea betri nitakwenda kulazwa.

Mwanao,
Inès


Lodwar, 2 Aprili 2024

Inès,

Salamu nyingi, na ziwe chache leo.

Betri ziko kwenye lori. Lokwang ataondoka mvua ikimruhusu, maana huku imenyesha tangu Pasaka na laga, hii mito ya msimu, zinashuka na miti mizima. Wewe usingoje lori. Betri zitapokelewa na kwaya. Ukishika barua hii, mpe Nestor aisome, kisha mwende hospitali wote wawili.

Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu.

Mama yako mdogo,
Élisabeth


Lodwar, 13 Aprili 2024

Inès, mwanangu,

U hali gani? Hukunijibu. Nimepiga simu ya Nestor, haipatikani. Kondakta anasema barua alimpa mtoto wa jirani, nyumba yenu ilikuwa imefungwa mchana kweupe.

Lokwang alikwama kwenye laga, maji yalifika milangoni mwa lori. Mara ya mwisho alipopiga, alisema wanazibeba betri kichwani, yeye na wachungaji wa mbuzi, wazivushe kwa miguu. Tangu hapo naye kimya.

Jana niliota dada yangu akivuna. Sipendi ndoto hiyo. Andika hata mstari mmoja, au mtu yeyote aandike.

Mama yako mdogo


Kakuma, 28 Aprili 2024

Mama Mdogo,

Usishtuke kuona mwandiko wa Nestor. Ni mimi ninayesema, yeye anaandika. Herufi bado zinanikimbia, na jicho la kushoto halijarudi. Daktari anasema huenda lisirudi.

Barua yako ilinikuta nimeshaanguka. Ilikuwa bombani, nakinga maji. Wanasema nilitetemeka nikauma ulimi, Nyakuoth akanilalia nisijipige kwenye mawe. Nilipozinduka nilikuwa nimepasuliwa. Mtoto ni msichana. Amelala pale pale alipokuwa kaka yake, dirishani.

Baba Mdogo alifika siku iliyofuata, matope mpaka kifuani, betri zote kavu. Simu yake iko mtoni, ndiyo maana alikuwa kimya. Fundi ameshaunganisha za chumba cha watoto, naye amekataa kuondoka mpaka waya wa mwisho uishe.

Umeme ulikatika Jumatatu mchana, katikati ya mvua, nimekaa kando ya mtoto. Feni ya kule kwa akina mama ikasimama. Niliisikia ile mashine ya Boris ikinyamaza, Mama Mdogo, niliisikia masikioni kabisa, nikafumba macho. Achai akanishika bega. "Mama Boris, fungua macho." Tangu tumzike hakuna aliyethubutu kuniita hivyo. Nikafungua. Taa ndogo ya kijani ya mashine ilikuwa inawaka, na kifua cha binti kinapanda, kinashuka.

Nisikudanganye. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mapacha wa mama mmoja wa Nariokotome. Mmoja amefariki Alhamisi, taa ikiwaka. Mama yake hakulia. Alikuja akakaa nami, tukamtazama wangu pamoja, sote tukiogopa.

Hatujampa jina. Nestor ananihimiza, lakini mdomo unakataa. Leo amenyonya kidogo, akachoka, rangi ikambadilika, kisha ikarudi. Achai anasema tungoje. Njoo tungoje pamoja.

Mwanao,
Inès