Zamu ya Mshale

Magamba, Lushoto
7 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Korogwe na kwamba vumbi la katani halikusumbui sana kifua. Sisi huku tunaendelea. Bibi yupo, ila baridi ya mwezi huu imemkaa magotini. Mama bado yuko Bungu anamuuguza bibi mzaa mama, na amekutumia salamu.

Baba, Mshale amekatwa mguu.

Alinaswa na waya uliotegewa nguruwe pori kule juu, mpakani na msitu. Tulipompata, mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umevimba na unanuka. Tulimpeleka mjini kwa daktari wa mifugo, mimi na Bibi, tukiwa tumemlaza kwenye toroli la mbolea. Daktari aliutazama mguu, kisha akamtazama Bibi, akasema, "Mama, hapa tunachagua mguu au mbwa." Bibi akamjibu, "Mguu una kazi gani bila mbwa?" Ndivyo ulivyokatwa, juu kabisa, karibu na nyonga.

Sasa analala jikoni kwa Bibi, juu ya magunia. Daktari amesema asilambe kidonda, asilowe na asiruke. Nimekata kitako cha ndoo ya rangi nikamvika shingoni ili mdomo usifike kwenye nyuzi. Nikitaka kumtoa nje nampitishia kanga chini ya tumbo na kumwinua, naye anatembea kwa mitatu huku ananitazama kana kwamba nimemwibia kitu.

Ninaandika kwa sababu simu ni ya Baba mdogo Rubeni, na nikizungumza anasimama kando yangu. Anasema mbwa huyu amekwisha. Anasema nyani hawaogopi kilema, na zamu yetu ya kulinda mahindi itabaki wazi. Tafadhali mwambie asimguse. Mpe Mshale muda apone.

Barua hii anakuletea Dotto wa lori la kabichi.

Mwanao,
Yusta


Korogwe
11 Julai 2024

Kwa mwanangu Yusta,

Marahaba. Mimi nipo salama, mashine ya korona ya kuchambua katani tu ndiyo inatusumbua, inakula mikanda kama ng'ombe anavyokula majani. Msalimie Bibi. Mwambie ajifunike.

Habari ya mbwa nimeipata. Pole. Ila nisikilize vizuri. Kaya zote za mpakani zimekubaliana tangu zamani: mwenye mbwa anamfunga kwenye kituo chake akaendelea na kazi zake, na asiye na mbwa anakaa kituoni yeye mwenyewe kutwa. Rubeni ana shamba lake. Bibi magoti hayampandishi mlimani. Mama yako hayupo. Anayebaki ni wewe, na mimi sikushuka huku kwenye joto ili wewe uache kidato cha tatu ukafukuze nyani.

Nyumba yetu haiwezi kulisha mbwa wawili, mmoja wa kazi na mmoja wa kuonewa huruma. Nampa nafasi mpaka mahindi yaanze kubeba. Lakini kidonda kikifunguka, basi. Rubeni atammaliza haraka asiteseke, na mimi nitatafuta mwingine.

Soma kwa bidii.

Mimi Baba yako


Magamba
20 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Je, korona imetengemaa? Bibi anakusalimu, na sasa anavaa soksi zako mbili mbili.

Nilipanga barua hii iwe ya habari njema tu. Mshale alikuwa amesimama bila kanga. Alitoka jikoni mpaka kwenye mgomba akarudi. Watoto wa jirani, Mama Salama, walikuja kumpa pole. Kassimu mdogo alisimama mbali ili mate ya mbwa yasimguse, akanyoosha yai akasema, "Pole Mshale, Mungu akuponye," kwa kuwa mgonjwa haendewi mikono mitupu. Hata Baba mdogo alicheka, ingawa baadaye alirudia utani wake: "Nesi Yusta, mgonjwa wa kitanda namba moja ameshakunywa uji?"

Baba, kidonda kimefunguka.

Juzi nilirudi shuleni nikamkuta Bibi jikoni na sufuria ya maji yanayotoa moshi. Alikuwa anamkanda Mshale kwa kitambaa, kama anavyowakanda wanawake waliojifungua. Mshale alikuwa analia. Bibi akaniambia, "Usiogope, mjukuu wangu. Nimekanda wazazi wa kijiji hiki tangu baba yako hajazaliwa. Maji ya moto ndiyo yanayorudisha mwili."

Nilijua kuwa si sahihi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini yule ni Bibi, na mimi, unanijua nilivyo. Nikasimama mlangoni na begi mgongoni mpaka maji yakaisha.

Asubuhi ngozi ilikuwa imebabuka na nyuzi tatu zimeachia. Daktari amekisafisha, amempa dawa na kusema kitafunga chenyewe kuanzia ndani, polepole. Tunakiosha kwa maji ya chumvi yaliyopoa.

Ningeweza kunyamaza, usingejua. Lakini wewe ulinieleza sharti lako waziwazi, nami sikutaka kukujibu kwa uongo. Nakuomba uongeze muda. Kosa si la Mshale.

Mwanao,
Yusta


Korogwe
24 Julai 2024

Yusta,

Nipo salama.

Nilisema na wewe umesoma. Mahindi hayasubiri kidonda. Umefanya vizuri kusema kweli, na mimi nami sibadili kauli kila lori likishuka.

Barua hii uisome mbele ya Bibi na Rubeni kama tunavyosoma barua zote, usiruke kitu. Rubeni, Jumapili baada ya ibada mpeleke mbwa kule chini kwenye mikaratusi, ummalize. Usimtume mtoto.

Baba yako


Magamba
28 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya.

Nilisoma. Jana jioni tulikaa jikoni, Bibi kwenye kigoda, Baba mdogo mlangoni na gambuti zake, Mshale kwenye magunia. Nilipofika kwenye mstari wa mikaratusi, niliishika karatasi kwa mikono miwili. Nilifikiri ningeweza kuuruka na hakuna ambaye angejua, maana Bibi hasomi na Baba mdogo miwani yake imevunjika. Nikausoma wote.

Bibi aliinama akasogeza kuni motoni. Kisha akauliza, "Kwenye ile barua yako ulimwambia ni nani aliyemchoma mbwa?"

Nikasema, "Nilimwandikia ilivyotokea, Bibi."

"Basi mwandikie tena. Mwambie aliyekifungua kidonda ni mama yake. Kama adhabu ni kupelekwa mikaratusini, aje anipeleke mimi kwanza. Miguu yangu nayo haina kazi."

Baba mdogo akasema, "Lakini mama, ni mbwa tu."

"Na mimi ni bibi kizee tu. Kaa chini, unaziba mwanga."

Akakaa! Baba, nilitaka kucheka na kulia pamoja. Halafu Baba mdogo akasema taratibu kwamba yeye si mkatili, ila zamu yetu inaanza Jumatatu na majirani watauliza. Akasema atasubiri kauli yako ya pili, lakini kaka akirudia, atatekeleza. Kwa hiyo leo baada ya ibada hakuna aliyekwenda popote.

Sasa neno langu mimi. Sijawahi kumwambia mtu mzima hapana. Shuleni hata nikionewa kwenye foleni ya uji nakaa kimya. Ninakuandikia wewe, ninayekuheshimu kuliko wote: hapana, Baba. Zamu nitaishika mimi mpaka apone. Nitakwenda na vitabu.

Nikisikia gambuti uani, nakimbilia jikoni kumwangalia Mshale. Tafadhali jibu upesi.

Mwanao,
Yusta


Magamba
6 Agosti 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. U mzima? Sijapata jibu. Dotto ameapa kwamba barua alikupa mkononi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukaiweka mfukoni na kuondoka. Bibi anauliza kila lori likipanda.

Wiki iliyopita nilikaa kituoni Jumatatu na Jumanne, siku zetu za zamu. Jana tena. Nyani si wajinga. Dume lao kubwa linakaa juu ya mti na kunitazama nikifungua kitabu. Nikiinamisha kichwa tu, wengine wanashuka. Jana waliingia kupitia kwetu mpaka shamba la Mama Salama, wakavunja mistari miwili nikipiga kelele peke yangu. Sauti yangu haifiki mbali. Mama Salama hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema tu, "Mwanangu, kwenu hakuna mtu mwenye sauti?"

Mwalimu wa darasa amemwita Baba mdogo. Amesema nikikosa tena, jina langu litapelekwa kwa mkuu wa shule.

Kidonda kimepungua, hakitoi maji tena. Lakini jana jioni Baba mdogo alichutama mbele ya Mshale kwa muda mrefu, akimshika masikio, akasema, "Rafiki yangu, utamfukuzisha mtoto shule." Hakusema kwa utani.

Najua sasa kwa nini uliandika vile. Bado nasema hapana. Lakini sijui njia nyingine, Baba. Kama ipo, nionyeshe.

Mwanao,
Yusta


Korogwe
12 Agosti 2024

Kwa mwanangu Yusta,

Marahaba sana. Mimi mzima. Mama yangu mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma.

Nilichelewa kwa sababu maneno ya Bibi hayajibiwi kwa karatasi tupu. Kumjibu ndiyo, mbwa abaki, ni kumwogopa. Kumjibu hapana, nitaingilia mlango gani nikirudi? Nikawa nazunguka kambi nzima kila nikitoka kazini, natafuta.

Dotto anakuletea kikapu. Ndani kuna mtoto wa mbwa, jike, kutoka kwa askari wa ghala. Mama yake ni mkali. Lakini huyu ni wa joto, hajawahi kuona nyani wala ukungu, na mbwa hafundishwi kulinda na mtu. Hufundishwa na mbwa. Daktari akisema kidonda kimefunga, wafunge wote wawili kituoni, Mshale mbele na huyu nyuma yake. Mbio si lazima. Anachotakiwa mkubwa ni kuona wa kwanza na kusema.

Chakula cha wawili tutajua. Mimi nimeomba likizo yangu iwe wakati wa kuvuna, nitashika zamu mwenyewe.

Rubeni, mikaratusi uiache.

Yusta, ile hapana yako niliisoma nikiwa nimesimama. Iandike vizuri hivyo hivyo hata kwenye mitihani. Na urudi shule.

Mimi Baba yako


Magamba
20 Agosti 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sisi wazima wote, na Mama anarudi wiki ijayo.

Kikapu kilifika. Siku ya kwanza Mshale alimwonyesha meno, akamkanyaga na kumnyang'anya uji. Niliogopa kwamba mpango wako umeharibika. Bibi akasema niwaache, hata mke mwenza hapokelewi kwa nyimbo. Siku ya tatu nilikuta mtoto amelala pale mguu ulipokuwa, kwenye nafasi iliyobaki wazi, na Mshale amejifanya hajui.

Daktari alimwona Ijumaa. Kimefunga. Majirani walikuja kutazama, wakanong'ona. Ndipo Baba mdogo aliposimama katikati yao akasema, "Huyu ni robo tatu ya mbwa. Yule ni nusu mbwa. Jumlisheni. Imezidi mmoja, na sisi tunadaiwa mmoja tu." Mama Salama alicheka mpaka akashika ukuta. Wakakubali tujaribu wiki hii.

Jana Baba mdogo aliwapeleka, akajificha kwenye matete kuangalia. Anasema dume lilishuka, Mshale akainuka, akaanguka, akainuka tena na kubweka bila kukoma, na yule mdogo akabweka kwa sababu mkubwa anabweka. Dume lilirudi juu. Hajui kama litarudi leo. Na mimi sijui.

Ninaandika haya darasani, mwalimu wa Jiografia amechelewa. Dirisha liko wazi upande wa msitu na ukungu umefunika mashamba yote, sioni hata paa letu. Lakini wanabweka huko juu, Baba. Nawasikia wote wawili.

Mwanao,
Yusta