Mama, Yule Mbwa Ulimtoa Wapi?

Leo unatimia mwaka mmoja, Mama, tangu asubuhi ile ya tarehe kumi Januari ulipoinamisha kichwa juu ya cherehani yako, tukadhani unatafuta pini. Daktari alisema moyo ulisimama. Siku ile hatukuwa na la kuuliza. Maswali yalikuja baadaye, na mengi yanamhusu mbwa.

Ulikuwa fundi wa sare za shule, na kila mwaka ulipoanza nyumba yetu iligeuka karakana. Marinda ya bluu kwenye viti, mashati kwenye mlango wa jikoni, chaki mpaka ndani ya bakuli la sukari. Mshono ukienda upande kidogo tu uliufumua wote, hata mteja akikuambia hauonekani. "Mimi nauona," ulisema, ukaendelea kufumua. Tena ulikuwa na tabia ya kuongea nasi ukiwa na pini mdomoni, kwa hiyo nusu ya mambo ya nyumba hii tuliyajua kwa kubahatisha.

Tarehe mbili ulirudi na mbwa wa kahawia. Katika pilikapilika zile hakuna aliyekuuliza sawasawa. Baba ulimwambia ni wa mteja, atakuja kumchukua Ijumaa ya katikati ya mwezi. Mimi uliniambia amekuja kututembelea tu. Siku chache baadaye ukamwambia Mama Mdogo kwa simu kwamba asubuhi na jioni unatembea sana na mbwa, daktari kashauri.

Siku ya kwanza ulimwita Karanga. Siku ya pili jioni ukawa unamwita Wewe. "Wewe, toka kwenye marinda." Mdogo wangu, fundi rangi, ambaye akitazama ukuta anakuambia umepakwa mara ngapi, alisema mbwa huyu jana hakuwa na doa jeupe kifuani. Ukamjibu, pini mdomoni, kwamba umemwogesha. Tukacheka, yakaisha.

Alilala juu ya vipande vya vitambaa, mgongo wake ukiegemea pedali, nawe ukashona kwa mguu mmoja ili usimwamshe. Manyoya yake yalijaa kwenye sketi. Nilikaa na selotepu nikiyabandua kabla wazazi wa wanafunzi hawajaja kuzichukua. Jioni ulitoka naye, ukarudi viatu vimejaa vumbi, umechoka, husemi ulikokwenda. Siku nane tu, kisha ukaondoka.

Ijumaa ilifika, mteja hakuja. Baba, fundi bomba mstaafu asiyetaka mnyama ndani ya nyumba, alimfunga mbwa kamba getini akakaa naye kusubiri. Ijumaa iliyofuata vilevile. Nilimshauri amgawe. Akasema mali ya mtu haigawiwi, mkewe alishaahidi.

Mama Mdogo naye alishikilia lile neno la daktari. Kama daktari alikushauri utembee, basi ulikuwa mgonjwa, na kama ulikuwa mgonjwa, Baba alijua akanyamaza. Alimuuliza mbele ya watu, wiki ileile ya msiba. Baba aliapa hamjui daktari yeyote. Hakuaminiwa. Tangu hapo Mama Mdogo hakukanyaga hapa, na salamu zao zilipitia kwangu. Nami, Mama, nikiwa na Baba nilimwamini Baba, nikiwa na Mama Mdogo nilimwamini yeye. Nilipekua droo zako zote nikitafuta hata cheti cha dawa. Nilikuta vifungo.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja anatembelea mkongojo. Alijitambulisha kuwa ni fundi saa, ulimshonea makoti miaka mingi. Hakuwa na habari kwamba hupo tena. Baba alipomwambia, alitupa pole. Alisema Januari iliyopita alikuachia mbwa wake, Karanga, akaenda mji mwingine kwa dada yake kupasuliwa nyonga. Kidonda kikamsumbua, akakaa huko hadi Desemba.

Baba akainuka upesi, akaenda kumleta mbwa. Mzee akamtazama. Akamwita. Mbwa akajikuna sikio.

"Huyu siye," mzee alisema. "Karanga yuko nyumbani."

Alitueleza taratibu. Karanga alikutoroka siku ya pili, akarudi kwao mwenyewe, ambako wewe hukuwahi kufika. Jirani akamlisha mwaka mzima akidhani ameachiwa yeye. Mzee aliporejea na kusikia hivyo, alijua lazima ulihangaika kumtafuta, ndiyo maana amekuja kukuomba radhi.

Ndipo tulipoanza kuelewa, au kuchanganyikiwa upya. Matembezi. Vumbi. Lile doa. Ulipoteza mbwa wa watu, Mama, ukaleta mwingine anayefanana naye, ukatuambia umemwogesha. Wewe, uliyekuwa unafumua mshono usioonekana! Baba aliona haya. Alimuuliza mzee kwa sauti ndogo kama anadhani mkewe alitaka kumbambikia mbwa.

"Hapana," mzee alisema. "Alinipigia hospitali tarehe tisa, kesho yake napasuliwa. Aliniambia, 'Pona kwanza. Ukirudi nina kosa la kukuambia, na nitakuambia mwenyewe.'" Alipokutafuta baadaye, simu yako haikupatikana tena.

Baba alimwomba arudie. Akarudia, neno kwa neno. Baba akaenda kunawa uso.

Jioni ile nilimpigia Mama Mdogo. Nikamweleza yote. "Kumbe alikuwa anatafuta mbwa," alisema. Jumapili alikuja. Aliingia kwa mlango wa jikoni kama zamani, akamwambia Baba, "Shemeji, nilikukosea." Baba akamvutia kiti, wakamenya viazi. Katikati ya viazi Mama Mdogo akasema, pengine na daktari alikuwepo kweli. Safari hii Baba hakubisha.

Hatujui. Labda ulikuwa unaumwa na unatafuta mbwa kwa wakati mmoja. Labda huyu ulimchukua ili kuziba pengo kwa muda, labda ulimkuta akizurura ulipokuwa ukimtafuta yule, ukamwonea huruma. Mdogo wangu anaamini hili la mwisho. Mimi nabadilika kila siku.

Baba ametaka tuandike katika tangazo hili la kumbukumbu kwamba aliyepotelewa na mbwa wa kahawia mwenye doa jeupe kifuani, mwanzoni mwa mwaka jana, afike nyumbani kwetu, hatutamficha. Anasema hivyo ndivyo wewe ungefanya. Tumekubali kuandika, ingawa kila mmoja kimoyomoyo anaomba asitokee mtu.

Unakumbukwa na mumeo, wanao wawili, mdogo wako, na watoto wote waliofungua shule wakiwa wamevaa kazi ya mikono yako. Hatutakusahau, Mama, hata kwa yale tusiyoyaelewa.