Waya Sasa Anatembea kwa Mitatu

Sogea, Tunduma,
Mkoa wa Songwe.
3 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Osea,

Mwapoleni mukwai! Ndivyo wanavyosalimiana jirani zetu wa Nakonde, Zambia, na mimi mtu wa mpakani siwezi kuridhika na salamu ya upande mmoja. Hujambo lakini? Kile kifua cha vumbi la gereji kimepona? Unakula chakula cha moto, au bado ni mkate na soda kama fundi asiye na ndugu? Sisi huku Mungu ametushika mkono. Shemeji yako Ferista mzima, watoto wanarefuka kama mahindi yaliyoonja mbolea, na mimi nimenenepa kidogo shingoni, dalili ya mtu anayeheshimika mjini. Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali, hasa kule juu kwa Mama, ila sasa imeanza kulegea.

Simu nimekupigia mpaka yule dada anayesema namba haipatikani tumezoeana, nakaribia kumpelekea posa. Najua kwa nini hupokei. Mara ya mwisho ulisema, "Kaka, mchomeni sindano apumzike, na siku hiyo msiniambie," ukakata. Sawa, kwa kuwa hutaki kusikia, basi soma. Na herufi kubwa nilizijua vizuri kabla sijaacha shule kidato cha pili, kwa hiyo nazitumia: WAYA HAJAFA. Kilichoondoka ni mguu mmoja wa mbele, wa kushoto. Vuta pumzi, kaa chini, nikueleze vizuri.

Unajua nilivyo na Waya, huyo mbwa wako, tangu siku ile ulipomshusha hapa kutoka kwenye kabini ya lori. Mimi mtoa mizigo mzoefu wa forodhani, nimevusha shaba, matrekta, samaki wa Walvis Bay, hata jeneza tupu la tajiri mmoja wa Ndola aliyetaka kulijaribu mwenyewe. Lakini mbwa wa mbio, greihaundi kamili, mgongo kama upinde na mbavu za kuhesabika, sikuwahi. Ofisa wa mifugo alitazama cheti cha chanjo, akamtazama mbwa, akaniuliza, "Huyu ni mbwa au ni picha ya mbwa?" Na wewe ukasema bwana mmoja alimtumia kukimbiza sungura shambani, alipochoka akamtupa kwenye yadi ya malori kama tairi bovu. Siku hiyo nilikuona mtu mkubwa, mdogo wangu, ingawa sikukuambia.

Tulipompeleka Mbozi akae na Mama, maana tangu Baba atangulie nyumba ilikuwa na mwangwi, majirani walidhani Mama anamnyima chakula. Kila anayekwenda kisimani anapitisha ukoko wa ugali. "Mama Clever, mbwa wa watu atakufia!" Kumbe ndivyo walivyoumbwa, hawana mafuta, ngozi nyembamba kama karatasi ya msahafu. Akipita kwenye michongoma anachanika. Baridi ya Juni inamtetemesha kama simu yenye meseji. Ndipo Mama akamfumia sweta. Sweta la mikono minne, Osea! Nimetembea Lubumbashi, nimetembea Lusaka, Dubai nimeshuka kwenye ndege nikakaa uwanjani nusu siku, lakini mbwa mwenye sweta la kijani lililofumwa na mwanamke wa Kimoraviani nimemwona kwa mama yetu tu.

Kuumwa kulianza kidogo kidogo. Alichechemea, Mama akatafuta mwiba, hakuna. Akamkanda kwa maji ya chumvi. Karibu na bega pakavimba, pagumu kama jiwe, na Waya ambaye hujawahi kumsikia akibweka alilia kwa kuguswa tu. Mimi nilipofika nilitoa uamuzi papo hapo, si unanijua? Nikasema ni mshipa, apewe vile vidonge vyangu vya mgongo. Bahati nzuri Mama hanisikilizi. Alimpeleka Mlowo, nami nyuma yake, kwa Dokta Priska, yule mwenye duka la dawa za mifugo na chumba cha matibabu kwa nyuma. Nilipotaja vidonge vyangu Dokta aliniangalia kama mzigo usio na nyaraka. "Kaka, dawa zako za maumivu zinamtoboa mbwa tumbo na kuua figo. Tafadhali kaa pale kwenye benchi." Nilikaa.

Akatuelekeza Mbeya kwa mwenzake mwenye mashine ya picha. Tuliporudi na picha, Dokta Priska aliielekeza dirishani na hakuzungusha maneno. Kansa ya mfupa. Alisema mbwa warefu inawapenda, na hawa wa mbio ndio hasa. Nilitazama mwenyewe: mfupa ulikuwa kama hindi lililoingiliwa na fukusi, kwa juu zima, ndani unga. Akiruka kizingiti tu unaweza kuvunjika. Njia alizotupa zilikuwa mbili. Sindano ya kumlaza moja kwa moja, ambayo si dhambi wala si ukatili, alisema. Au kukata mguu wote mpaka begani, tukijua kwamba kwa kawaida ugonjwa unakuwa umeshatuma wajumbe mapafuni, na dawa za kuwafuata huko, kwetu hatuna.

Hapo ndipo nilipokupigia nawe ukasema ulichosema. Sikulaumu. Hata mimi niliona hivyo hivyo, na nilimwambia Mama, "Osea mwenyewe ndiye mwenye mbwa, na amesema apumzike."

Mama alimgeukia Dokta. "Mwanangu, ukikata, maumivu yataisha?"

"Ya mguu yataisha, mama. Ugonjwa hauishi."

"Na atakula? Atanifuata shambani?"

"Akipona kidonda, atakula na atakufuata."

"Basi toa maumivu. Huo ugonjwa tutaishi nao."

Osea, nimesikia mawakili wakibishana mpakani, nimesikia wabunge kwenye redio. Sijasikia mtu akimaliza kesi kwa maneno machache namna hiyo.

Sasa sikiliza kichekesho. Jumapili kabla ya kukatwa, Mama akasimama kanisani wakati wa maombi ya wenye shida. Akasema tu, "Ndugu zangu, kwangu kuna mgonjwa. Ana kansa ya mfupa, Jumatano anakatwa mguu. Mniombee." Akakaa. Yeye aliona ameeleza kila kitu. Lakini wewe fikiri: nani ataamini mtu amesimama mbele ya madhabahu kwa ajili ya mbwa? Watu wakapiga hesabu zao. Clever tumemwona juzi anajigamba Mlowo, miguu yote anayo. Basi ni Osea. Osea aliyepotelea Botswana amerudishwa nyumbani mgonjwa, na mama yake ameficha kwa uchungu.

Jumanne jioni wakaja. Kina mama wa kanisa wote, unga kichwani, kuku, mayai, sabuni, sukari, kama inavyotupasa kwa mgonjwa. Mama Loisi, mwenyekiti wao, alianza wimbo tangu barabarani. Wakaingia uani wakilia, "Osea jamani! Osea mtoto wa watu!" Mimi nilikuwa nanyoa ndevu, nikatoka na povu nusu uso.

Mama Loisi akaingia ndani, akatazama mkekani. Hapo kuna Waya, kajifunika sweta, anapiga mkia taratibu kumkaribisha.

"Atuganile," akamwita Mama kwa jina lake, "mgonjwa yuko wapi?"

"Si huyo."

"Huyu mbwa?"

"Kwani nilisema ni mtu?"

"Na Osea?"

"Osea yuko Francistown. Kwani ana nini?"

Nikajua, Osea, leo tunafukuzwa ushirika wa kanisa. Halafu Mama Loisi akakaa chini pwaa, akaanza kucheka mpaka kilemba kikadondoka, na ua wote ukapasuka kwa kicheko. "Nimelia tangu sokoni! Nimelia kwa ajili ya mbwa mwenye sweta!" Mwingine akadakia, "Na kuku wangu mtetea!" Mama akasema warudishe vitu vyao, na Mama Loisi akakataa. "Tumekuja kwa mgonjwa, mgonjwa tumemkuta. Heri huyu kuliko yule tuliyemlilia. Ila mimi mbwa simwombei, namwombea mwenye nyumba." Akafumba macho akaomba kwa ajili ya Mama, maombi marefu na mazito, na mkono wake wakati wote uko juu ya kichwa cha Waya.

Walipoondoka Mama aliosha vikombe, mimi nafuta. Akaniambia bila kugeuka, "Nimecheka nao, Clever. Lakini walipoingia wanalia jina la Osea, nilidhani wamesikia wao kitu ambacho mimi sijasikia. Muda mrefu sijasikia sauti yake." Akaendelea kuosha. Mimi nilikifuta kikombe kimoja mpaka nikahofia rangi yake.

Jumatano tulimpakia kwenye gari aina ya Noah. Dokta Priska alimleta yule mwenzake wa Mbeya wasaidiane, maana mbwa hawa hata usingizi wao una masharti. Dawa ya usingizi inayomfaa mbwa wetu wa kawaida inaweza kumpitisha huyu asirudi, kwa kuwa hana mafuta ya kuipokea. Mama alisali nje kwenye magunia ya chakula cha kuku. Mimi nilitembea hapo barabarani nikimweleza kila muuza mchele kwamba ndani kuna upasuaji mkubwa. Waya alitoka hai. Siku zilizofuata kidonda kikachuruzika damu, jambo ambalo Dokta alituonya kwamba kwa mbwa hawa huja baada ya wewe kumshukuru Mungu. Akaja mwenyewe na dawa, akalala kwa Mama, damu ikakata. Msichana yule namheshimu. Hata alipoangalia meno ya Waya akasema yameoza, na kwamba mimi nimpigishe mswaki kila niendapo, nilisema ndiyo dokta.

Lakini wa kusifiwa hasa ni mama yako. Waya ni kilo thelathini na kitu. Mimi nilimbeba mara moja nikalala na mgongo siku mbili. Mama alichukua kitenge, akakipitisha chini ya kifua cha Waya, akashika ncha juu kama anashika kikapu, na hivyo akamtoa nje kujisaidia, asubuhi, mchana, usiku, akimwambia, "Taratibu baba, taratibu." Akafumua mkono mmoja wa sweta, uzi akamfumia skafu. Chakula walicholeta kina mama alikula yeye, kwa amri ya Dokta kwamba mbwa wa miguu mitatu akinenepa amekwisha. Majirani wanapitisha ukoko, Mama anasimama mlangoni kama polisi wa mpakani. Hapiti mtu.

Na Waya mwenyewe, sijui nikuelezeje. Wiki ya kwanza alisimama akaanguka, akanitazama kama mimi ndiye niliyeuchukua huo mguu. Halafu juzi juzi tumeanika kahawa kwenye vichanja, mbuzi wa jirani akaja kunusa. Nikaokota jiwe. Kabla sijarusha, kitu cha kijani kikanipita. Osea, amekimbia! Kwa mitatu! Anaruka kama ngoma yenye pigo moja lililopotea, lakini mbuzi hakujali mapigo, alijali maisha yake. Mama akapiga vigelegele. Mimi jicho liliingia vumbi, na wewe usimwambie mtu.

Sasa jambo lenyewe. Dokta amemsikiliza kifua, amesema kwa sasa pako kimya, lakini tuhesabu miezi, tusihesabu miaka. Inaweza kuwa mpaka Krismasi, inaweza isiwe. Siku atakapoanza kukohoa na kukataa chakula, Mama ameshakubali, sindano ile itakuja, naye atamshika kichwa. Nilimuuliza kama haogopi. Akasema, "Hata mimi nina miezi, ila yangu hakuna daktari aliyeitaja." Akacheka. Mimi sikucheka.

Hajaniambia nikuite. Hata picha ya Waya kanikataza nisikutumie. Ninayekuita ni mimi. Uliogopa kuja kuona mbwa anaumia. Haumii tena, kwa hiyo sababu hiyo imeisha, tafuta nyingine. Barua hii anakukabidhi Nikodemo, dereva wa lori wa hapa, Mnyiha mwenzetu. Anashusha mzigo hapo Francistown kisha anarudi huku na lori tupu. Nimemwambia asiondoke bila jibu, na jibu lisiwe la karatasi. Kiti cha pembeni hakina mtu. Ukikipanda, Mama atasikia sauti hiyo anayoitafuta, na Waya atakuja kukupokea barabarani kwa miguu yake mwenyewe.

Ferista anakusalimu na anasema shati lako bado lipo. Watoto wanakusalimu. Mama Loisi anakusalimu na anadai kuku wa mwenzake, maana aliletwa kwa jina lako. Dokta Priska naye, ingawa hakujui, ameuliza mwenye mbwa ni mtu wa namna gani. Nimekusifu sana, usiniaibishe.

Mungu akufunike barabara yote, kutoka hapo ulipo mpaka kizingiti cha Mama.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata ukizima simu,

Clever