Tumbawe Lako na Shela ya Shemeji Yako

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, mengine yafuate. U mzima? Mgongo umepoa? Baridi ya huko isikutishe. Mimi niliyefanya kazi melini nimeona baridi ya kugandisha matusi mdomoni. Sisi wazima, tunakula, tunalala, tunagombania rimoti.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunikatiza, na hili ulisikie lote.

Ni lile tumbawe lako kubwa, laini, ulilolilea tangu ukiwa kapera, ukaniachia pamoja na tangi la samaki. Shina lilianza kuoza. Likawa jeusi chini, likanuka, na uozo ukawa unapanda. Muuza samaki wa mapambo akaniambia nisipolikata litakufa lote na kuwachafulia samaki maji. Nikate sehemu iliyo nzima, kila kipande kitaota chenyewe. Basi nikachota maji ya tangi kwenye beseni, nikashika wembe, nikakata kama daktari bingwa. Shule niliacha mapema, lakini mkono wangu una digrii.

Kuvishikisha vipande kwenye mawe ndiko kulikonishinda. Nilitumia gundi. Kumbe kiumbe hiki kikikatwa hutoa ute kama konokono! Vipande vikateleza vyote. Kilichoganda ni kidole changu. Shemeji yako akanikuta jiwe linaning'inia mkononi.

"Hongera," akasema. "Mmeoana lini?"

Nilipomrudia muuzaji, alicheka mpaka akakaa chini. Kinachotakiwa, akasema, ni wavu mwepesi: unafunika kipande juu ya jiwe, unafunga kwa mpira usiobana, maji yanapita, kinajishika chenyewe. Nikafungua kabati. Humu ndani hakuna wavu mwepesi kuliko shela ya harusi ya shemeji yako. Nikakata pembe, kwa hesabu kwamba shela haivaliwi mara mbili.

Aliijua hata ndani ya maji.

"Baba watoto, kile ni nini?"

"Wavu."

"Wavu wa nani?"

Nikajifanya nahesabu samaki. Mimi ni jasiri, si mjinga. Akanitoa kwenye kiti, akaitazama kazi yangu. "Umefunga kama mzigo wa kuni." Akachukua mkasi, akaikata shela iliyobaki, akavifunga vipande vyote upya kwa mikono yake.

Lile kubwa halipo tena, mdogo wangu. Pole. Shina nililitupa mwenyewe. Lakini vipande vimeshika mawe, wavu tumeutoa, na vinachanua vidole vyao taa ikiwaka. Ukirudi ni vyako vyote, isipokuwa kile cha mbele, karibu na kioo. Hicho shemeji yako anasema amekwisha kukilipia, na mimi sina ubavu wa kubisha.

Nisalimie shangazi unayekaa naye, na yule binamu yetu Kelele, kama amewahi kunyamaza ukapata nafasi. Mungu akutunze huko uliko, akurudishe ukiwa na afya na mzigo wa zawadi.

Ni mimi kaka yako,
nikupendaye kuliko unavyostahili.