Mama Mkwe Ameingia Vidukari

Baba,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako nzito ya asubuhi, kabla hujanywa chai.

Makaburini sisi wanawake wa kwetu hatuendi, kwa hiyo nimeona nikuandikie. Nimekaa barazani hapa Tiwi, karatasi nimeiweka juu ya sinia la hina, na nimekuja kujigamba. Ulikuwa ukisema mwanao Mishi ana maneno mengi kuliko kazi zake. Leo kazi ipo, ila kwanza nikiri kosa.

Baba, mawaridi yako tuliyachoma moto.

Ilikuwa siku ya hitima yako. Bi Mejumaa, jirani yetu, ndiye aliyeshika upishi, kama anavyoushika katika kila msiba wa mtaa huu. Upepo wa baharini ulikuwa mkali, moto haukai, pilau haliivi. Akatafuta mahali palipokingwa, na kwetu mahali palipokingwa ni pale tu nyuma ya kiambaza ulichokijenga mbele ya nyumba ili upepo wa chumvi usiyaunguze mawaridi yako. "Hapa pametulia," akasema, akapanga mafiga katikati ya bustani. Masufuria makubwa matatu, kuni za tangu alfajiri. Jioni maji ya kukoshea masufuria, yakiwa bado ya moto, na sabuni na chumvi zake, yakamwagwa papo hapo, na jivu likatandazwa juu.

Mimi nilikuwa ndani na Mama. Nilipotoka kesho yake nikakuta vijiti vyeusi.

Nilitaka kumtukana Bi Mejumaa, nakwambia kweli. Lakini mtu aliyekulilia huku akikoroga pilau lako mpaka mikono ikamvimba, utaanzia wapi kumtukana? Nikameza.

Mama alikuwa ameshaanza eda. Miezi minne na siku kumi ndani, bila manukato, bila hina, katika kile chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linaona kisima na kuku. Asubuhi ile akaniuliza swali lake la kwanza tangu uzikwe: "Mawaridi ya babako yana hali gani?"

Nikamjibu, "Yako salama, Mama."

Akatikisa kichwa, akasema siku atakayotoka eda hataki kupewa ua la kununua. "Babako hakuwahi kuninunulia ua. Nitapachika kikuba cha waridi lake kifuani, ama nikae hivi hivi." Nikasema inshallah. Nikatoka nje, nikasimama mbele ya lile jivu, nikahesabu siku kwa vidole.

Wewe wanijua. Mimi na mawaridi hatukuwa tukipatana. Niliyaonea wivu, Baba. Ulikuwa ukiyaamkia kabla ya kutuamkia sisi. Umeshinda Galu siku nzima ukihudumia bustani ya hoteli, unarudi na bakuli la chakula ambalo ndani yake, badala ya masazo ya kutupendeza watoto, mna vitawi vilivyopogolewa, vimefungwa gazeti bichi. Kisha ukavipa majina kama watoto wako wa kuzaa. Kiburi, lile jekundu la hoteli, shingo ndefu na harufu hana. Bi Harusi, jeupe lenye haya ya waridi moyoni. Watoto wa Madrasa, vile vidogo vinavyofunguka vyote kwa pamoja kwa fujo. Mama Mkwe, la manjano la kutambaa, lenye miiba hata mahali ambapo miiba haina kazi. Na Waridi la Bibi, alilokuja nalo mamako kutoka Msambweni, ua dogo lisilo na umbo, likifika adhuhuri limeshapukutika, lakini harufu yake yajaza nyumba. Hilo ndilo ulilomwekea Mama kwenye sahani kando ya kitanda kila Alhamisi jioni. Hilo ndilo la kikuba.

Nilipiga magoti kwenye jivu nikafanya kitu nilichokuona ukikifanya mara mia bila mimi kujali. Nikakwaruza gome kwa ukucha. Ulikuwa ukisema ukiona kijani, bado lina roho. Kiburi: kahawia. Kiburi tena, chini zaidi: kahawia. Waridi la Bibi: kahawia, kahawia, kisha pale karibu kabisa na udongo, uzi mwembamba wa kijani. Nililia hapo hapo. Sikuwa nimelia hivyo hata siku yako.

Nikamwendea Bi Mejumaa nikamwambia yote, moto na uongo wangu. Alijishika kichwa. Tangu siku hiyo alikuwa akija kila asubuhi na jembe lake begani, hata salamu anatolea njiani. Tulizoa jivu lote, maana nilikumbuka ukilalamika kwamba ardhi yetu hii ya matumbawe ina chokaa ya kutosha, ukiiongezea jivu majani yanageuka manjano. Tulichimba mashimo upya, tukavunja mawe kwa mtaimbo. Mwanawe akatuletea kwa tuktuk magunia ya udongo mwekundu wa Kwale, Bi Mejumaa akaleta samadi ya mbuzi wake. Maji ya kisima nikayakataa kwa sababu ya chumvi. Nilinyweshea maji ya mvua ya pipa lako, na pipa lilipokauka nikabeba ndoo kutoka kwa jirani mwenye bomba, mpaka mabega yakaniwaka.

Mikono ndiyo usiseme. Mchora hina mwenye mikono iliyochanwachanwa! Bibi harusi mmoja kule Ukunda alinitazama vidole akaniuliza kama nafuga paka.

Na kila asubuhi, baada ya sala, lile swali. "Mawaridi yana hali gani?" Yako salama, Mama. Nilikuwa nikilisema huku naangalia mkeka.

Chipukizi la kwanza lilitoka la Waridi la Bibi, jekundu, refu kama kucha. Nilipiga vigelegele, Baba, barabara nzima ikasikia. Mama akauliza kutoka chumbani nani amejifungua. Nikasema jirani. Akasema, "Mwenyezi Mungu amkuze." Nikajiona mjanja kwelikweli.

Baada ya hapo yakafuatana. Mama Mkwe akarudi kwa hasira, kama kwamba alikuwa akingoja tu tumkosee. Watoto wa Madrasa, kisha Bi Harusi, polepole, kama anayebembelezwa. Kiburi hakurudi. Nilimkwaruza mpaka mzizini. Nikafunga safari mpaka Galu, nikamwona yule uliyemfundisha kazi, ambaye sasa ndiye mkuu wa bustani, na nilipomtajia jina lako tu akachukua mkasi. Kwenye kile kichaka chako mwenyewe cha hotelini, alikotoka Kiburi, alinikatia vitawi vinne. Nilivirudisha nyumbani ndani ya bakuli la chakula, vimefungwa gazeti bichi. Nilipofika mlangoni nikagundua nimelishika bakuli vile vile ulivyokuwa ukilishika wewe, kwa mikono miwili, na ikanibidi nisimame kwanza.

Kisha siku moja nikakuta machipukizi ya Mama Mkwe yamejaa vidukari, vile vidudu vya kijani vya kunyonya, vimebanana hadi kwenye vitumba. Niliingia ndani nimefura, nikasahau uongo wangu wote. Nikabwata mbele ya Mama: Mama Mkwe ameingia vidukari, Bi Harusi ana ukungu, majani ya mwarobaini nimeyatwanga hayasaidii, haya mawaridi yana laana gani! Mama akanitazama. Akatabasamu, Baba. Tabasamu la kwanza tangu uondoke. Akasema "Alhamdulillahi," akarudi kwenye tasbihi yake. Nilidhani huzuni imemchanganya akili, mtu anamshukuru Mungu kwa vidukari.

Siku ya kutoka eda nilikwenda bustanini kukipambazuka. Waridi la Bibi lilikuwa limefunguka kumi na moja. Kumi na moja! Nayachuma, nacheka peke yangu. Bi Mejumaa akaja na asumini na mrehani, akaketi barazani akakitunga kikuba kwa mikono yake, ile ile iliyowasha moto. Mama akaoga, akavaa leso mpya, akapachika kikuba kifuani. Akapita mlango wa mbele. Akasimama mbele ya bustani yako muda mrefu. Vichaka vilikuwa bado vifupi, havijafika hata kiunoni, na kwenye kiambaza alama ya moshi ilikuwa bado ipo. Nikafungua mdomo nimwombe radhi.

Akanitangulia. "Yako salama, yako salama! Mishi, miaka yote niliyokaa na babako hakuwahi kuniambia mawaridi yako salama. Kila siku lipo linaloumwa. Hili limeingia wadudu, lile limesusa. Uliponiambia yote ni mazima, nikajua hakuna lililobaki. Siku uliyoingia ukilalamika ndiyo nikajua yamefufuka."

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kuniuliza kila siku.

"Ningenyamaza, ungeacha," akasema. Kisha akaongeza, "Na yule mtoto wa jirani, amekua?"

Bi Mejumaa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikasirika, nikacheka, nikalia, sijui kwa mpangilio gani. Baba, tulishinda. Siku ile ungetuona wanawake watatu tumesimama kwenye bustani yako, tunanuka waridi na samadi, ungejivuna mpaka kofia ikakudondoka.

Hina ya kwanza ya Mama baada ya eda nilimchora mimi. Akaniomba kwenye kiganja nimtilie ua moja, dogo, lisilo na umbo.

Kwa hiyo leo sikwambii mawaridi yako salama. Mama Mkwe ameingia vidukari tena. Bi Harusi ana madoa meusi kwenye majani ya chini. Nimeyachuma nikayachoma, mbali na hapo, usiwe na wasiwasi. Watoto wa Madrasa wanataka kupogolewa na mimi naona huruma. Vitawi vya Kiburi vimeshika vitatu, cha nne kinasusa.

Barua hii naitia ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na mkasi wako. Nakuahidi sahani ya Mama haitakuwa tupu Alhamisi hata moja, na kila nitakapokuombea dua nitakuletea malalamiko mapya. Siku utakayosikia nimekwambia yote ni mazima, hapo ndipo uhuzunike.

Pumzika, Baba. Mimi naenda kutwanga mwarobaini.

Mwanao,
Mishi