Hesabu ya Vidato Kumi na Vitano

Bhujung, Lamjung
14 Mangsir 2075, kwa kalenda ya nyumbani

Mpendwa mdogo wangu Tek,

Naanza na kifua chako, maana huko Busan baridi imeshaingia na kifua hicho tangu utotoni si cha kuaminika. Kikohozi kimepona? Mkeo Asmita bado anafanya kazi zamu mbili? Mimi ni mzima. Goti la kushoto hunisumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Nyati wetu wa maziwa amezaa, dume, kwa bahati mbaya.

Sasa nikwambie nililokuficha. Mwezi wa Bhadra nilianguka. Nilikuwa nashuka kutoka chumba cha juu na kapu la ulezi, ile ngazi ya mti ikateleza, nikajikuta sakafuni. Sikuvunjika. Ila nililala pale tangu asubuhi mpaka jua la mchana likaingia uani, nikiita. Nyumba saba za upande wetu, zinazopika siku hizi ni mbili tu, na jirani alikuwa shambani. Nilipochoka kuita nikatambaa mwenyewe hadi mlangoni.

Najua utasema lile lile: uza, teremka mjini Pokhara, panga chumba. Ndiyo maana nilinyamaza. Lakini mahindi yapo juu, picha za wazazi ziko juu. Nisipoweza kupanda, sina nyumba, nina jiko tu. Nikaamua kujenga ngazi ya zege.

Fundi ni Kulman, yule niliyemfundisha darasa la tano. Alisimama uani, akafumba jicho moja, akasema, "Mwalimu, lete mifuko minane ya saruji."

"Umepima kwa kitu gani?"

"Kwa jicho."

"Jicho! Ndiyo maana nilikuwa nakupa sifuri."

Nikachukua futi na daftari. Urefu wa mteremko, mita nne na nusu na kidogo. Upana mita moja. Unene sentimita kumi na tano. Nikazidisha, haikufika robo tatu ya mita ya ujazo. Mifuko mitano inatosha. Tek, siku hizo nilifurahi, nisikufiche. Tangu nistaafu hakuna mtu aliyenihitaji kwa hesabu yoyote.

Shida ya kwanza ikawa watu. Zege la ngazi humwagwa siku moja, bila kupumzika. Zamani ungepiga ukelele mmoja ukapata vijana ishirini. Safari hii walikuja wanne: Kulman, mkewe, na wazee wawili wa bondeni, mmoja wao akikohoa kuliko anavyobeba. Tulipokezana makarai kuanzia chini kwenda juu, tangu alfajiri.

Adhuhuri, tulipomaliza kidato cha kumi na moja, karai likaja tupu. Mchanga upo, kokoto zipo, saruji imekwisha. Nikafungua daftari kwa mikono yenye zege, nikaona. Nilikuwa nimehesabu ule mgongo ulioinama unaobeba vidato, peke yake. Vidato vyenyewe, pembetatu kumi na tano zinazokaa juu yake, sikuvihesabu kabisa. Mimi, niliyefundisha eneo la pembetatu miaka thelathini na mmoja!

"Mwalimu," Kulman akasema polepole, "leo nikupe ngapi?"

Wakacheka wote. Nami nikacheka, halafu machozi yakanitoka mbele za watu. Duka la karibu ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na zege likishakauka, jipya halishikani nalo sawasawa. Ngazi ingekuwa na ufa tangu siku ya kuzaliwa.

Jirani yetu Manisara, Mama Rewat, alisikia kicheko kisha kimya. Akachungulia, hakuuliza kitu, akaondoka. Aliporudi alikuwa na mfuko wa saruji mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso. Niliujua mfuko ule. Alinunua mitatu, ya kumjengea mwanawe chumba siku atakayorudi.

"Mama Rewat, hiyo ni ya mtoto."

"Mtoto amepata karatasi za kukaa Ureno. Alipiga simu juzi." Akautua. "Saruji haingoji mtu, dada. Imeanza kushika mabonge. Isiposhika kwangu, ishike kwako. Na usinisimamie hapo, kuna mingine miwili ya kubeba."

Tulimaliza jua likiwa bado juu. Kulman alibandua mbao zilizoshikilia zege baada ya wiki mbili, na siku hiyo nilipanda na kushuka mara nne bila kuwa na cha kufuata. Siuzi nyumba, Tek. Usiniulize tena.

Jioni Mama Rewat huja kuketi kidato cha kumi na mbili, pale saruji yake inapoanzia. Nikimkaribisha juu hataki. Chai anainywa pale pale. Mimi huketi cha kumi na moja, mgongo wangu kwenye magoti yake, tukitazama barabara. Juzi aliniuliza kama Busan ni mbali kuliko Ureno. Nikamjibu sijui, sijapima.

Nisalimie Asmita. Mwanenu Prasun mwambie shangazi yake ana ngazi ya kukimbilia. Mama mdogo Purnakala anakusalimu, na Kulman pia, ila yeye anasalimu huku anacheka. Miungu ya nyumba hii ikufunike popote unapolala.

Akupendaye, aliyekubeba mgongoni,
dada yako Dilmaya